Muungwana ni Vitendo: Asili ya Neno na Deni Letu Mpakani

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa Aroi katika kikao cha polisi na jamii)

Waheshimiwa wenyeviti wa mabaraza ya vijiji, viongozi wetu wa misikiti na makanisa, wazee wetu, kina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, nanyi wageni wetu mliovuka mpaka kutoka Aru na Ariwara, na mliotoka Kaya na Yei: waungwana nyote, tunawasalimu.

Tumewaita waungwana. Ndivyo mikutano mingi ya Kiswahili inavyofunguliwa, na neno hilo hupita midomoni mwetu upesi, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti kabla ya kumkaribisha mgeni. Leo tunaomba tulitazame neno lenyewe: limetoka wapi, limepita njia gani hadi kutufikia, na linatudai nini sisi tunaovaa sare na ninyi mnaosimamishwa na wenye sare. Hatukulichagua kwa sababu ya mapenzi ya kamusi. Tuliletewa na mama mmoja.

Swali la mama mchuuzi

Miezi kadhaa iliyopita, katika kizuizi kimoja cha barabara ambacho hatutakitaja, askari wetu kijana aliisimamisha bodaboda iliyombeba mama wa makamo pamoja na gunia lake la samaki wakavu. Mama alikuwa ametoka upande wa Kongo, anawahi soko. Maneno ya askari yalikuwa machache: "Wewe! Shuka! Kaa chini!" Mama akashuka, akakaa vumbini, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, mimi ni muungwana. Mbona unanisemesha kama mtumwa?"

Yule kijana akacheka. Kwake yeye, muungwana ni bwana mwenye suti na tai, anayetajwa mwanzoni mwa hotuba. Hakudhani kwamba mama wa samaki anaweza kuwa mmoja wao. Akamweka pale karibu saa mbili, jua likimchoma, ingawa karatasi zake zote zilikuwa sawa.

Siku ya pili mama yule alikuja ofisini kwetu, akifuatana na mwenyekiti wa kijiji alikolala. Hakudai fidia ya soko alilolikosa. Alisema, "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Hiki Kiswahili chenu cha polisi hakina maneno mengine?"

Tulimwomba radhi. Askari naye aliitwa, akamwomba radhi mbele ya mwenyekiti. Lakini mama alipoondoka, swali lake lilibaki mezani, na kila tulipotaka kuliweka kando lilirudi. Mazungumzo ya leo ni jaribio la kulijibu.

Neno na kinyume chake

Ukimwuliza msemaji wa Kiswahili wa leo maana ya uungwana, atakuambia ni tabia njema: adabu, upole na ukarimu unaomtoka mtu bila kushurutishwa. Kutenda kiungwana ni kumtendea mwenzako hivyo, hata kama humjui, hata kama hana cha kukulipa. Hiyo ndiyo maana iliyoenea. Lakini kamusi zetu huweka pia maana nyingine, iliyo kongwe zaidi: muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hiyo mama yule, alipoyaweka maneno mawili hayo kando kwa kando, muungwana na mtumwa, hakukosea lugha. Aliijua kuliko sisi.

Tazameni kinyume hicho kilivyoundwa. Mtumwa ni neno lililotokana na kitenzi kutuma: ni mtu anayetumwa, asiye na hiari ya kwenda wala kubaki. Mapenzi yake yako mikononi mwa mwingine. Muungwana basi ni yule ambaye mapenzi yake ni yake. Akitoa, ametoa mwenyewe; akinyamaza, amenyamaza mwenyewe; akimpisha mgeni njiani, hakuna aliyesimama nyuma yake na fimbo. Hapo ndipo maana mbili zinapokutana. Wema wa kulazimishwa si uungwana. Uungwana ni lile jema ambalo ungeweza kuliacha, na hakuna ambaye angekuuliza, lakini hukuliacha.

Nyumba za mawe

Katika miji ya kale ya pwani, Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, waungwana walikuwa tabaka la watu. Walikuwa wenye nasaba, wenye nyumba za mawe, wenye elimu ya dini. Mbele ya nyumba zao palikuwa na baraza, kiti cha mawe kilichojengwa ukutani, ambapo mgeni alipokewa na mazungumzo yakafanyika. Neno hilohilo la baraza ndilo tunaloliita leo kila tunaposema mabaraza ya vijiji. Kila mwenyekiti aliye hapa anakalia, kwa jina, kiti kile cha kumpokelea mgeni.

Mtoto wa kiungwana alifundishwa kupiga hodi na kungoja, kutopaza sauti mbele ya mkubwa, kumkaribisha mgeni kabla ya kumwuliza shida yake, na kutimiza ahadi. Mambo haya ni mazuri, na wazazi wetu wa hapa, Walugbara, Wakakwa, Waaringa, Wamadi na Waaluri, waliyafundisha pia bila kwenda Lamu. Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Adabu ile ya nyumba za mawe ilisimama juu ya migongo ya watu waliolima, waliochota maji na waliobeba mizigo bila hiari. Uungwana wa wakati ule ulikuwa kitu cha kuzaliwa nacho. Aliyezaliwa nje yake alihesabiwa mtumwa, au mgeni, au mshenzi.

Na mshenzi alikuwa nani? Kwa kinywa cha watu wa pwani wa karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara. Yaani sisi. Ndugu zetu askari tunawaomba walisikie hili vizuri. Ukimwita mtuhumiwa mshenzi ndani ya kituo cha polisi, unaokota tusi lililotengenezwa kwa ajili ya babu yako, unalitupa kwa mjukuu wa jirani yake.

Neno linapanda bara

Neno halikubaki pwani. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilisukuma njia zake kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema, kwenye miji ya Kasongo na Nyangwe. Huko bara, neno likageuka kidogo. Karibu kila aliyekuja na msafara kutoka pwani, aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili, alijiita muungwana ili ajitenge na wenyeji. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1874 na kutokea Boma mwaka 1877, aliwaandika wapagazi wake wa Unguja kwa jina la Wangwana. Wengi wao, kwa sheria za wakati ule, hawakuwa huru hata kidogo. Huko pwani walikuwa mali ya watu. Huku bara walijipa wenyewe jina la watu huru.

Tusicheke kama yule askari alivyocheka. Mtu aliyenyimwa uhuru akijiita muungwana, amesema kwamba yeye ni mtu, na kwamba bei aliyouzwa nayo sokoni si kipimo chake.

Lugha ya misafara ile ilienea mashariki ya Kongo na kupewa jina la Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliteuliwa mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls. Kati ya mwaka 1892 na 1894 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipigana na mabwana wa Kiarabu na Kiswahili wa huko, yakawashinda. Mabwana waliondoka, lugha ikabaki kwa wenyeji, wakaifanya yao. Leo ukivuka mpaka wa Vurra kwenda Aru, ukashuka hadi Mahagi na Bunia, Kiswahili utakachokisikia ni mjukuu wa Kingwana kile. Mama yetu wa samaki hakulisoma neno muungwana kitabuni. Alilirithi katika lugha iliyowahi kuitwa kwa jina hilo.

Hatulipambi neno. Lilipita njia mbaya, njia ya bunduki na minyororo, na wazee wa nchi hii wanajua minyororo ilikuwaje, maana wafanyabiashara wa watumwa waliotoka upande wa Khartoum nao walifika kwetu. Tunasema tu kwamba neno lilitoka katika njia ile likiwa limebadilika.

Waungwana wasio na watumwa

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria huko Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sasa fikirini, ndugu wasikilizaji: ikiwa muungwana ni asiye mtumwa, na watumwa hawapo tena kisheria, neno lina kazi gani? Wote ni huru. Wote ni waungwana. Neno lingeweza kufa, kama yalivyokufa majina mengi ya vyeo vya zamani.

Halikufa. Maana ya tabia, iliyokuwamo ndani yake tangu kale, ndiyo iliyobaki imesimama. Wakati huohuo pwani palikuwa na neno jingine lililopewa uzito, ustaarabu, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kujifanya Mwarabu, kufuata mwenendo wa Waarabu. Neno hilo nalo leo limeacha nasaba na kubaki na mwenendo. Maneno yote mawili yalianza kwa kumwuliza mtu, "Wewe ni wa nani?" Sasa yanamwuliza, "Umetenda nini?" Ndiyo maana ya methali tuliyoiweka kichwani mwa mazungumzo haya: muungwana ni vitendo. Ukiitazama kwa historia, utaona ni hukumu nzito. Kiti cha kuzaliwa kimeondolewa. Kila mtu anakalia kiti alichokitengeneza kwa matendo yake.

Kiswahili cha amri

Sasa turudi kwa swali la mama: Kiswahili chenu hakina maneno mengine? Ili tulijibu kwa haki, lazima tukiri Kiswahili kilivyotufikia sisi wa Uganda.

Nchi hii ya Nile Magharibi ilikuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold hadi alipofariki mwaka 1909. Ikapita mikononi mwa Sudani, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda. Vijana wake wengi waliandikishwa katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya amri. Polisi nao wakakitumia. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa wakati wa utawala wa kijeshi. Kwa hiyo kwa Waganda wengi, neno la kwanza la Kiswahili walilolisikia lilikuwa toka, au leta, au lala chini, na aliyelisema alikuwa na bunduki. Hatuwezi kuwalaumu wale ambao mpaka leo wakisikia Kiswahili usiku hufunga mlango.

Lakini amri ni kona moja tu ya lugha hii. Katika lugha hiyohiyo kuna tafadhali, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo ni ndugu wa fadhila na fadhili. Anayesema tafadhali anamwambia mwenzake: nifanyie kwa hisani yako, si kwa kuwa nina nguvu juu yako. Kuna samahani na kuna pole. Pole ni neno ambalo wageni kutoka nchi za mbali hushangaa kulisikia, kwa sababu tunampa hata mtu ambaye hatukumkosea. Tunampa kwa sababu tu ameumia. Kuna hodi na karibu, starehe na ahsante. Maneno haya yote yalikuwapo siku ile kizuizini. Askari wetu hakuyatoa mfukoni.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Koboko, penye Salia Musala ambapo nchi tatu zinakutana, sasa iko ndani ya jumuiya pande zote. Kiswahili kitazidi kusemwa mipakani. Litakalokuwa shauri letu ni kuchagua kitasemwa kipi: kile cha kaa chini, au kile cha karibu.

Jina la mji wetu

Wazee wengi husimulia kwamba jina la Arua linatokana na neno la Kilugbara linalomaanisha gereza: mahali pa kufungiwa watu, katika siku za mwanzo za serikali ya kikoloni. Tunawaza mara nyingi juu ya jina hilo. Mji wetu, ambao tangu mwaka 2020 ni jiji, umebeba kumbukumbu ya kufungwa. Na neno tunaloitana katika mikutano yake ni neno la watu huru. Polisi anasimama katikati ya hayo mawili. Yeye ndiye mwenye pingu. Ndiye pia mtumishi wa umma, na mtumishi ni neno la ukoo uleule wa kutuma. Je, aliyetumwa anaweza kuwa muungwana?

Tunaamini anaweza, na jibu liko katika kile tulichokisema awali. Sheria humtuma askari kusimamisha gari, kukagua mzigo, kumkamata mshukiwa. Hana hiari hapo. Lakini namna ya kufanya hayo imebaki mikononi mwake. Hakuna mkubwa anayeweza kumwamuru asalimie kwa moyo. Hapo, katika ile nafasi ndogo kati ya amri na utekelezaji wake, ndipo askari anapoonyesha kama yeye ni mtu huru au ni mtumwa wa hasira yake. Anayemfokea mama aliyekaa vumbini anadhani ameonyesha nguvu. Ameonyesha kwamba hana mamlaka hata juu ya ulimi wake.

Sheria na ziada yake

Kuna mambo ambayo si uungwana, ni haki, na tungependa yajulikane kijiji kwa kijiji ili mtu asiyaombe kama fadhila. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inasema kwamba anayekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Ibara hiyohiyo inataka mshukiwa ambaye hajaachiliwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ibara ya 24 inakataza mateso na kila tendo la kumdhalilisha mtu. Ibara ya 221 inavitaka vyombo vyote vya usalama viheshimu haki za binadamu. Na dhamana ya polisi, mnayoiita bondi, ni bure. Ukiombwa pesa kwa ajili yake, umeombwa rushwa.

Hayo ni deni la kisheria, nasi hatustahili sifa kwa kulilipa. Uungwana ni ziada: ni kumsalimu mtu kabla ya kumwomba kitambulisho; ni kumwita mama au mzee au ndugu badala ya "wewe"; ni kumwambia kwa nini umemsimamisha; ni kumpa kivuli akingoja; ni kumrudishia karatasi zake mkononi, si kuzitupa juu ya mzigo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwachia mhalifu njia ya kupita. Mwenye magendo atakaguliwa. Lakini atakaguliwa na mtu.

Kuna methali nyingine ya neno letu: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wengi huisikia na kucheka. Maana yake ni kwamba mtu wa heshima, aibu yake ikifichuka, hasimami wima kubishana, hujishusha, hukiri. Methali hii inatuhusu sisi polisi kuliko wote. Tukikosea, tusisimame uchi tukidai kwamba tumevaa. Malalamiko yenu mleteni kwa mkuu wa kituo. Asiposikiliza, yafikisheni kwetu, ofisi ya uhusiano na jamii, au kwa kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya askari. Mama yule alifanya vyema kuja. Wengine hunyamaza, na ukimya wao huzaa chuki isiyoonekana mpaka siku ya ghasia.

Deni la pande zote

Tungekuwa tumesema nusu kama tungewaachia askari peke yao mzigo huu. Neno limetuita sote.

Kwa vijana wetu: mwizi akikamatwa sokoni, yeye naye ni mtu huru mpaka mahakama iseme vinginevyo. Kumpiga hadi afe ni kuua, na polisi itawatafuta waliofanya hivyo. Mpelekeni kwa mwenyekiti au kituoni. Uungwana unaopewa rafiki peke yake ni urafiki tu.

Kwa wafanyabiashara: piteni katika vituo rasmi, Vurra, Oraba na vinginevyo, mkiwa na karatasi zenu. Njia za panya ndizo zinazomfanya askari amtazame kila mwenye gunia kwa jicho la shaka. Na askari akikusalimia, mwitikie. Wapo wanaosimama juani tangu alfajiri wakitukanwa na madereva tangu gari la kwanza.

Kwa sisi sote wenyeji: tukumbuke. Baada ya mwaka 1979, watu wa nchi hii walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudani, wengine wakakaa huko miaka mingi. Wapo hapa waliozaliwa huko, na wapo waliowazika wazazi wao huko. Waliokupokea hawakukuuliza ukoo kwanza, walikuonyesha kisima. Leo gurudumu limezunguka. Vita vya Sudani Kusini vilipowaka tena Julai 2016, kambi ya Bidibidi, jirani zetu wa Yumbe, ilifunguliwa Agosti na kupokea zaidi ya watu 200,000 kabla mwaka haujaisha. Rhino Camp na Imvepi zimejaa watu, na Lobule, kule Koboko, inawahifadhi ndugu waliokimbia kutoka Kongo. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kutembea na kufanya kazi. Kisima, kuni na ardhi haviongezeki, tunajua, na ugomvi juu yake ni wa kweli, tuuletee barazani. Lakini kumwita mkimbizi jina la dharau ni kusahau jina ambalo wewe hukuitwa ulipokuwa mgeni.

Na ninyi wageni wetu: sheria za hapa ni zenu pia wakati mpo hapa. Mgeni muungwana hapokelewi kwa huruma peke yake. Hupokelewa kwa furaha.

Tunamalizia

Tumeulizwa kama Kiswahili cha polisi hakina maneno mengine. Jibu letu ni kwamba maneno yapo, yamekuwapo siku zote. Neno moja kati yake lilizaliwa kwa ajili ya wachache wenye nyumba za mawe, likachukuliwa na watu walioporwa uhuru wao, likavuka maziwa na misitu, likafika mpakani kwetu katika kinywa cha mama mwenye gunia la samaki. Yeye alilibeba umbali wote huo. Sisi tulishindwa kulipokea hatua moja kutoka tuliposimama.

Mama yule bado hupita njia ile siku za soko. Hatujui kama ametusamehe, na si haki yetu kumwuliza. Linalotupasa ni kumsalimu kila anapopita, hata siku tuliyochoka, hata siku anaponyamaza bila kuitikia. Akiamua siku moja kutuita waungwana, itakuwa kwa hiari yake.

  Kwa Mungu na Nchi Yangu.